Sura ya Saba: Hela ya Ufundi

Karatasi ile ninayo hadi leo. Imechanwa kwenye daftari la shule, kona moja ina alama ya dole gumba lenye grisi, na mwandiko umepinda kwa sababu aliyeandika alilaza daftari juu ya boneti.

Shokapu 2 – 260,000
Bushi – 60,000
Bol jointi 2 – 80,000
Ufundi – 30,000

Jumla shilingi 430,000. Gari lenyewe ni Toyota IST, na kosa lilikuwa moja tu. Nikiacha lami ya Barabara ya Kilwa na kuingia njia ya vumbi ya kwetu Mbagala, mbele kushoto panagonga: ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole. Kwenye lami kimya. Nikifika kwenye mashimo, mgeni karudi.

Fundi aliyeiandika alikuwa kijana mstaarabu, ovaroli yake safi kuliko kawaida ya gereji za chini ya mwembe. Hakulala chini ya gari wala hakupiga jeki. Alibonyeza madigadi mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, “Bosi, miguu imekwisha.” Miguu, kwa lugha ya gereji, ni kila kitu kilichopo kati ya bodi na tairi, kwa hiyo kauli hiyo ni sawa na daktari kukwambia kwamba unaumwa mwili.

Nami nikafanya tunavyofanya sote. Nikaanza kuvuta bei. Shokapu nikazishusha hadi 240,000, ufundi nikaukata hadi 20,000, tukacheka, tukagonga mikono, nikajiona mtoto wa mjini. Kilichoniokoa siku ile si ujanja, ni mfuko. Hela haikutimia, nikaomba wiki moja.

Ndani ya wiki hiyo jirani yangu mwenye Noah ya kupeleka watoto shule akanielekeza kwa mzee mmoja wa Tandika. Nikamkuta ameketi kwenye kiti cha daladala kilichong'olewa, anakunywa kahawa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Inafanyaje?”

“Inagonga mbele, kushoto.”

Hakuuliza gari la mwaka gani. Alipanda pembeni yangu, akateremsha kioo, akasema nipite taratibu kwenye mashimo ya uchochoro. Akasema nirudi, safari hii nikigusa breki. Kisha akapiga jeki, akaingiza mkono nyuma ya tairi na kushika kijiti cha chuma chenye kifundo juu na chini, unene wake kama kidole, kile kinachounganisha mguu wa gari na nondo inayozuia gari kulala kwenye kona. Akakitikisa. Tik, tik. “Weka mkono wako hapa,” akaniambia. Nikaweka. Alipokitikisa tena, ulegevu wenyewe niliusikia kwenye vidole vyangu.

“Linki hiyo. Shokapu zako hazivuji, na ukiibonyeza gari inapanda mara moja inatulia. Nani kakwambia ubadilishe?”

Linki mbili 50,000. Ufundi 20,000. “Na ya kupima elfu kumi,” akaongeza. Nikacheka. “Mzee wangu, kupima nako kunalipiwa?” Mimi niliyekuwa tayari kutoa 400,000 kwa jambo ambalo hakuna aliyelipima, nikakaza shingo kwa elfu kumi ya kipimo. Sura hii yote imetoka kwenye aibu hiyo.

*

Watu wakitaka kujua kama bei waliyopewa ni ya haki huniletea jumla. “Nimeambiwa laki nne na nusu, nimepigwa?” Sijui. Laki nne na nusu kwa kazi iliyohitajika inaweza kuwa rahisi, na elfu sabini kwa kifaa kilichokuwa kizima ni hasara tupu hata kama dukani kinauzwa elfu sabini kamili. Swali la kwanza halihusu hela. Ni neno moja: umejuaje?

Fundi aliyepima ana jibu, na jibu lake hushikika. Shokapu iliyokufa hulowa mafuta mwilini, au gari ukilibonyeza hubaki likinesanesa. Bol jointi ikichoka, tairi likiwa hewani na mtaimbo ukiwa chini yake, utauona mchezo kwa macho yako. Pedi za breki zina unene, unazitazama. Betri hupimwa kwa mita, na namba huonekana. Aliyebahatisha hujibu kwa umri: “Gari ya siku nyingi hii, bosi.” Umri si ugonjwa. Mzee wa Tandika ana umri mkubwa kuliko gari langu na anapiga jeki mwenyewe.

Siku hizi kuna kujificha kwa namna nyingine, nako ni kwenye mashine. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, unapelekwa kwa kijana mwenye kompyuta ya kiganjani, anachomeka waya chini ya usukani, inatokea namba. Tuseme P0171. Fundi anasoma, anakwambia ni oksijeni sensa, lete hela. Namba hiyo haisemi hivyo. Inasema injini inapata hewa nyingi mno kwa mafuta iliyonayo, basi. Hewa inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka ambao ungefungwa kwa kibanio, au sensa ya hewa ina vumbi linalosafishika, au pampu ya mafuta imechoka. Mashine imetaja malalamiko; mshtakiwa bado hajapatikana. Anayebadilisha kifaa kwa sababu ya namba peke yake ameendelea kubahatisha, ila sasa anabahatisha kwa umeme.

Kuna na vitu ambavyo mwenye gari akivijua hawezi kuandikiwa. Mkanda wa taimingi, kwa mfano. Injini ya 3S ya Noah za zamani inao, na ukikatika utalala barabarani. IST za toleo la kwanza zina 1NZ au 2NZ, na hizo huzungusha kamshafti kwa cheni. Mkanda wa nje unaozungusha alteneta upo, ni kitu kingine na bei nyingine. Ukiletewa karatasi ya IST yenye “mkanda wa taimingi”, usibishane juu ya bei. Chukua ufunguo wako.

Na gari likichemsha, usikubali kuanzia kwenye silinda hedi. Uliza kwanza mfuniko wa rejeta, feni, mipira, na thamostati, ambayo huenda fundi wa mwaka juzi aliitupa akisema joto la Dar halihitaji kitu hicho. Gasketi ya hedi ikiungua kweli, ina dalili zake: maji yanapungua bila kuvuja nje, oili inageuka rangi kama chai ya maziwa, na injini baridi ikiwashwa mfuniko ukiwa wazi, mapovu hayakomi kwenye rejeta. Aonyeshe mojawapo.

*

Tusijione kwamba ubaya huu ulizaliwa Temeke. Mwaka 1941 jarida la Reader's Digest la Marekani lilituma wachunguzi wake kuzunguka majimbo yote 48 ya wakati ule na gari zima kabisa. Kabla ya kuingia gereji walichomoa waya mmoja wa koili, kosa la kurekebishwa kwa vidole kwa muda wa kufumba na kufumbua. Waliingia gereji 347. Gereji 129 ziliona waya na kuurudisha kwa uaminifu. Gereji 218 zilitoza zaidi ya haki, au zilifanya kazi isiyohitajika, au zilitoza kazi isiyofanyika. Hao ni mafundi wenye sakafu ya saruji na vitabu vya risiti.

Wachumi Michael Darby na Edi Karni waliandika mwaka 1973 juu ya huduma za namna hii, ambazo mnunuzi hawezi kuzipima hata baada ya kuzitumia. Embe ukilikata utaona kama limeoza. Gari likiacha kugonga baada ya kubadilishiwa vitu vinne, hutajua kamwe ni kipi kati ya vinne kilichokuwa kinagonga. Yule yule anayekwambia unaumwa nini ndiye anayekuuzia dawa. Hapo ndipo penye utelezi, na hautakauka kwa kumtafuta fundi mcha Mungu tu.

Sasa rudi kwenye karatasi yangu, uitazame upya. Katika shilingi 430,000, ufundi ni 30,000, na kipimo hakimo kabisa. Nimekusanya karatasi nyingi za marafiki tangu siku hiyo, za Tegeta, za Mwenge, za Mtoni, na karibu zote zimekaa hivyo: spea imenenepa, ufundi umekonda. Ukizisoma kwa haraka utadhani fundi anakuonea huruma kwenye jasho lake. Lakini humo kwenye 30,000 kuna spana boi wawili wanaosubiri chakula cha mchana, kuna hela ya eneo, kuna nusu siku ya kulala kwenye mchanga. Haitoshi, naye anajua haitoshi, na anajua pia kwamba akiandika ufundi 90,000 utapiga kelele mtaa mzima usikie. Kwa hiyo anaichukua hela yake mahali ambapo huoni: kwenye cha juu cha spea, ile anayoongeza juu ya bei ya dukani.

Sisi wateja ndio tuliomfundisha. Tunaheshimu chuma, hatuheshimu mkono, na kichwa ndicho hatukilipi kabisa. Matokeo yake fundi anayekula kwa cha juu ana faida pale tu kifaa kinapobadilishwa, na hana faida hata senti moja anapogundua kwamba shokapu ni nzima. Mzee wa Tandika alipoteza pesa kwa kunieleza ukweli. Ile elfu kumi ndiyo iliyokuwa inamwezesha kuusema.

Cha juu chenyewe sikiiti wizi moja kwa moja. Fundi akipanda bodaboda hadi Gerezani, akachagua, akalinganisha, na kifaa kikifa ndani ya mwezi akakirudisha dukani bila kukusumbua, ana haki ya kula kitu hapo. Wizi ni kununua kilichotumika na kukuandikia kipya. Na ukiamua kununua spea mwenyewe, ambalo ni jambo zuri, ukubali na mzigo wake: ikiwa si yenyewe au ni feki, utalipa ufundi mara mbili, na fundi hana kosa. Asubuhi ya kwanza mwambie wazi, “Spea nitanunua mimi, ufundi wako niambie wa kweli.” Utashangaa namba itakavyopanda. Usishtuke. Hiyo ndiyo bei yake siku zote, ila ilikuwa imevaa nguo ya shokapu.

*

Spea ni somo refu, nami nalipenda.

Neno “shokapu” peke yake halina bei. Kuna mpya yenye nembo ya kampuni ya gari. Kuna mpya ya kiwanda kingine chenye jina, cha Japani au kwingineko. Kuna mpya ya boksi lisilo na ukoo. Na kuna iliyotumika, ambayo tunaiita ya Dubai hata ikitoka Sharjah, iliyofunguliwa kwenye gari lililokatwakatwa. Bei ya kwanza inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya tatu. Ndiyo maana kulinganisha karatasi mbili za mafundi wawili bila kujua kila mmoja ameandika aina gani ni kazi bure. Huenda aliye ghali ndiye aliye rahisi. Chochote kinachohusu breki na usukani mimi sichukui boksi lisilo na ukoo, hata nikose sukari nyumbani. Mlango, taa, kioo cha pembeni, hapo nachukua cha Dubai, nalala usingizi.

Piga picha kibati chenye namba ya gari lako kwenye chumba cha injini. Kwa IST za toleo la kwanza kitaanza na NCP60, NCP61 au NCP65, na muuza spea anayejua kazi yake atatoka hapo hadi namba ya kifaa chenyewe. Kisha piga simu maduka mawili, moja la Gerezani na jingine la Shaurimoyo, utaje gari, kifaa na aina. Dakika kumi. Ukirudi kwa fundi unasema tu, “Nimeulizia, wananiambia 95,000 kwa mpya ya Japani.” Huhitaji kugombana.

Sentensi hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana. Meghan Busse, Ayelet Israeli na Florian Zettelmeyer, watafiti wa Marekani, waliwahi kupanga watu wapige simu kwenye gereji kuulizia bei ya kubadilisha rejeta ya Toyota Camry. Wanawake waliosema hawajui bei walitajiwa kubwa kuliko wanaume waliosema vivyo hivyo. Mpigaji alipotaja bei anayoitarajia, tofauti ya mwanamke na mwanaume ilitoweka. Dada zetu wanaoendesha Vitz na Passo wanaujua ukweli huu bila utafiti; wengi huja gereji na kaka au shemeji wa kusimama tu hapo. Dada, mwache shemeji apumzike. Beba bei mbili za dukani.

Risiti ya dukani idai, ile ya mashine ya EFD yenye tarehe na jina la kifaa, hata kama fundi ndiye aliyekwenda. Fundi wa chini ya mwembe hana mashine hiyo. Duka lililompa spea linapaswa kuwa nayo. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu anachouziwa. Malalamiko bila risiti, hata hivyo, ni hadithi tu.

Wenye daladala wana kanuni yao: mbovu irudi. Gari likienda gereji na dereva, spea iliyotolewa irudi kwa tajiri pamoja na karatasi, maana dereva na fundi wakielewana tajiri ataletewa hesabu pungufu mwezi mzima. Ni kanuni nzuri, na nakushauri uifuate. Ila nimewahi kuona gereji yenye ndoo ya bol jointi mbovu za magari mbalimbali, zimetunzwa vizuri, na sikuuliza za nini. Kifaa kitolewe ukiwa umesimama hapo, au kiwekwe alama ya rangi kabla hakijafunguliwa.

*

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini yule mzee alijua kwa vidole na yule kijana hakujua. Si akili, kijana ana akili, na simu yake ina video zote za dunia. Nadhani ni zama. Mzee alianza kama spana boi wakati spea zilikuwa hazipatikani. Hadi mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, ukiharibu kifaa ulikuwa hujui utakipata lini. Bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi. Fundi aliyetaka kubadilisha vitu vinne ili afike kwenye kimoja asingekuwa na wa kumpa hivyo vinne. Alilazimika kujua. Kijana amekua katika mji wenye maduka ya spea kila kona, na kubadilisha kumekuwa rahisi kuliko kutafuta.

Vyeti vipo, na vina maana. VETA pale Chang'ombe inafundisha ufundi magari, na hata waliojifunzia mtaani wanaweza kupimwa ujuzi wao wakarasimishwa. Ukikuta gereji ambayo spana boi wake mmoja katoka huko, ni dalili njema. Lakini cheti ukutani hakijibu “umejuaje”. Muulize hata mwenye cheti.

Na ujihadhari na bei ya chini kama unavyojihadhari na ya juu. Mtu akikubali kushusha kazi ya hedi hadi nusu bila kulalamika, amekwisha kuamua ambacho hatakifanya. Hedi haitapelekwa kwenye mashine kusawazishwa uso wake, gasketi itapakwa silikoni, oili itakuwa ya kupima kwenye pipa. Miezi miwili baadaye gari linachemsha tena, naye atakwambia injini imechoka. Mimi nikiona fundi anakataa kushuka chini ya kiasi fulani, tena anataja sababu, naanza kumwamini.

Gereji za Mikocheni zenye vyumba vya kusubiria hutoza zaidi, na si bure: unalipia mtambo wa kuinua gari, maandishi, na mtu wa kumlaumu. Kwa gari jipya au lenye umeme mwingi, nenda huko. Kwa linki ya IST, vuka mji uende Tandika.

Mgeni wangu wa njia ya vumbi hajabisha tena tangu siku ile. Linki zina mwaka wa pili sasa. Karatasi ya 430,000 iko kwenye droo pamoja na kadi ya gari. Ile elfu kumi ya kipimo niliipunguza hadi elfu saba, mzee akaipokea bila neno, akarudi kwenye kahawa yake. Bado ananidai elfu tatu.